Riziki Mafungu

Nyuma ya Fuso yangu paliandikwa RIZIKI MAFUNGU SABA,
mpaka ng'ombe mmoja wa Malagarasi akauvunja ubao wa mwisho.
Nikapigilia mwingine, mweupe, hauna neno.
Sasa pasomeka RIZIKI MAFUNGU, basi.
Mangapi, hapasemi.

Uvinza tulipakia chumvi, mifuko mia mbili.
Lugusha alinipigia kutoka Tabora,
sauti ya mtu aliyekwisha kula:
"Laki saba na nusu. Mteja kakaza, kaka.
Mimi mwenyewe hapa naambulia vocha."
Nikakubali. Mafuta yangu, tairi langu, usingizi wangu.
Bukuru, utingo, akawalipa wapakiaji kwa noti zetu
na mikate miwili juu.

Kaliua mvua ilipenya turubai.
Niliivua shuka niliyojifunika nikaifunika chumvi,
maana chumvi ya mtu ikiyeyuka njiani
huyeyuka upande wa dereva.

Tabora, ghalani, karani Nyanzobe alikuwa na haraka,
mtoto mgongoni, kliniki inafungwa saa sita.
Akanipa karatasi nisaini. Zilikuwa mbili,
zimegandana kwa unyevu.
Ya chini haikuwa yangu.

*Nauli, Uvinza hadi Tabora: 1,300,000. Imelipwa.*

Nikazihesabu sifuri kwa kidole,
kama mtoto ahesabuvyo mbuzi waliorudi zizini,
nikitamani nimekosea.
"Hiyo ni ya Lugusha," akasema Nyanzobe,
akaichukua taratibu,
taratibu mno kwa mwanamke mwenye haraka.
Nikamwelewa.

Sikwenda kugombana. Nilinunua chaki dukani,
chaki ya shule, ya shilingi mia,
nikaandika kwenye ule ubao mweupe:

MTEJA KATOA 1,300,000
MIMI NIMEPEWA 750,000

nikaegesha stendi ya malori, mkia ukitazama barabara.

Jioni walikuwa kumi, wengine na vikombe vya kahawa.
Hakuna aliyecheka. Masanilo wa Nzega
aliazima chaki akaenda kimya kwenye lori lake,
akaandika namba moja tu, aliyopewa yeye,
na juu yake akaacha nafasi.

Kesho yake Lugusha akaja, kavaa koti, jua kali.
"Umenivua nguo mbele ya watu."
Nikamwambia, nguo hiyo niliilipia mimi, sikujua.
Akanyoosha mkono: "Lete chaki. Na mimi nina matumizi."
Nikampa. Haki yake.

Akaandika: ushuru, 60,000.
Akaandika: mlinzi wa geti, 30,000.
Akaandika: wapakiaji, 110,000.
Bukuru akapanda, akaufuta mstari huo kwa kiwiko.
"Hao niliwalipa mimi. Na mikate."

Zikabaki laki nne na elfu sitini.
Lugusha aliinua chaki, akaishusha, akaiinua tena.
Nilimwona kijasho kikitoka sikioni,
na nikakumbuka, sitaki kukumbuka, lakini nikakumbuka
kwamba mwaka ule gari lilipolala gereji miezi minne
ni yeye aliyenikopesha ya rejeta,
na hakuniambia riba, wala mimi sikuuliza.
"Hizo," akasema mwisho, "ni simu."
"Simu gani hiyo inayokula kuliko injini?"

Chaki ikamvunjikia mkononi. Akaondoka nayo nusu.

Siku kumi na moja simu yangu ililala kama maiti.
Nilibeba mchanga, nilibeba matofali, nilibeba msiba mmoja
hadi Sikonge, bure.
Mvua iliosha ubao. Sikuandika tena.
Ukiusogelea lakini, mbao imeshika mkwaruzo:
zile sifuri zinaonekana, hasa asubuhi.

Siku ya kumi na mbili: Lugusha. Tumbaku, Urambo, kesho alfajiri.
"Laki tisa," akasema, harakaharaka.
Nikauliza, "Mteja katoa ngapi?"

Hakukata.
Nilisikia kiti kikisogezwa,
na mbali, upande wake wa waya usiokuwepo,
karatasi ikikunjuliwa.